Matundu Matano

Masika haya, Wete, hata saa zinatoka jasho.
Nazifungua, nakuta ukungu nyuma ya kioo,
kama mtu aliyepumua humo akaondoka.
Mimi ni fundi saa. Wateja wangu wamebaki watatu,
na mmoja wao ni marehemu: saa yake ipo, haijafuatwa.
Kwa hiyo Mize aliponiletea kichupa cha chumvi
sikumwambia hiyo si kazi yangu.

"Kitazame," akasema. "Nikikipindua, kimya.
Nikikitikisa, kimya. Faki wa forodhani
anakigonga mezani mara tatu, sahani zinaruka,
mchuzi wa pweza unaingia kwenye chai ya jirani,
na chumvi ng'o."

Nikakishika. Ndani, jabali.
Mchele alioutia unyonye unyevu
umelowa nao, umevimba, umelala ubavuni mwa chumvi
kama mgeni aliyekuja kuamua ugomvi
akaishia kuhamia.

Wenzangu barazani husema mimi hutia chumvi
kila nikisimulia jambo. Laiti wangejua
wiki mbili nilivyoisaka hata punje.

Kwanza nilipanua matundu. Jumatatu ikamwagika,
Jumanne ikanyesha, ikaziba.
Nikatengeneza kifuniko cha mpira,
kikaufungia unyevu ndani badala ya nje.
Nikachonga kichupa cha mti wa mfenesi;
kikanywa hewa yote ya Mtemani,
kikapasuka usiku, nikadhani panya.
Mke wangu, Riziki, hakusema neno.
Alikuwa jikoni akichota chumvi kwenye kifuu, kwa vidole,
na ukimya wake una makali kuliko tupa yangu.

Ndipo ikanijia, nimeinama juu ya saa ya marehemu:
hewa siwezi kuizuia. Kisiwa hiki kimezungukwa.
Chumvi na maji ni ndugu waliotenganishwa juani,
kila usiku wa mvua hutafutana.
Basi waache wakutane.
Kazi yangu iko mlangoni.

Nikakata kisahani cha shaba, kipana kama kucha ya dole gumba,
nikakiotesha sindano tano
nyembamba kuliko matundu ya kifuniko,
nikakiacha kicheze kwenye kijiti cha katikati, bila kushikwa.
Ukisimamisha kichupa, kisahani kinashuka kidogo kwa uzito wake.
Ukikipindua, sindano zinaangukia matundu,
zinatoboa ganda;
ukitikisa, zinaingia, zinatoka,
tik, tik, tik,
sauti niliyodhani imekwisha katika duka hili.

Tulikijaribu siku ambayo hata viberiti viligoma.
Chumvi ikatoka. Chumvi, nakwambia, kavu, nyepesi,
ikaanguka juu ya muhogo kama haijawahi kuijua mvua.
Mize akacheka, akafunika mdomo.

Kisha akaja Faki, na hakuna aliyemwambia.
Akaketi pale pale, akakikamata,
akakigonga mara tatu.
Sahani zikaruka. Pweza akawa mweupe.
Akamla hivyo hivyo, machozi yakimtoka,
kwa kuwa watu walikuwa wakimtazama.
Kesho yake aliambiwa, akaitikia kwa kichwa,
na mkono ukagonga tena, mara tatu.
Mkono ule una miaka ishirini ya kugonga.
Mimi nimeujua wiki mbili.

Leo asubuhi Mize amenirudishia kichupa.
"Kinafanya kazi," akasema,
kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Nje mvua haijakata. Nimewasha mshumaa.
Nimeng'oa sindano mbili kwa koleo ndogo,
nimezitia kwenye kisanduku cha marehemu, zisipotee,
na sasa nayeyusha nta, tone kwa tone,
na kati ya matundu matano
naziba mawili.